Maana za Neno la Kila Siku: Neno "Use" la Kiingereza Mbele ya Mahakama na Mbele ya Mfasiri wa Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu ni neno moja fupi la Kiingereza, nalo ni "use". Mwanafunzi wa shule hulipata mapema katika masomo yake, huambiwa kuwa maana yake ni "tumia", na baada ya hapo halifikirii tena. Ni nadra mtu kufungua kamusi ili alitafute. Hata hivyo, kati ya mwaka 1993 na 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ililazimika kulijadili neno hilo katika kesi tatu, na katika kesi ya kwanza majaji waligawanyika. Kilichogombewa hakikuwa fasili ya darasani, bali kifungo cha miaka 30.

Mhadhara huu una madhumuni mawili. Kwanza, unaeleza jinsi maana za neno hilo zilivyochambuliwa katika kesi hizo, na kile ambacho taaluma ya isimu inaweza kujifunza kutokana na uchambuzi huo. Pili, unachunguza kinachotokea neno hilo linapovuka na kuingia katika Kiswahili, hasa katika lugha ya sheria. Hoja kuu ni kwamba kuna tofauti kati ya kile ambacho neno linaweza kumaanisha na kile ambacho msikilizaji wa kawaida huelewa anapolisikia ndani ya sentensi fulani. Kamusi hujibu swali la kwanza. Sheria, pamoja na tafsiri ya sheria, huuliza swali la pili. Anayejibu la pili kwa kunakili jibu la kwanza huweza kumfunga mtu kwa neno ambalo hakuna aliyelielewa hivyo.

2.0 Neno lenyewe

Neno "use" si la asili katika Kiingereza. Liliingia katika karne za kati kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililipata kutoka Kilatini. Kabla yake Kiingereza kilikuwa na kitenzi chake, "brucan", ambacho ndugu yake wa Kijerumani, "brauchen", yu hai hadi leo. Mgeni alipoimarika, mwenyeji alisogezwa pembeni. Siku hizi amebaki katika umbo la "brook", lenye maana ya kuvumilia, na husikika zaidi katika sentensi za kukanusha.

Baada ya kuingia, neno hili lilizaa maana nyingi. Mtu huweza ku-"use" kisu, yaani kukifanyia kazi. Ku-"use" maji au mafuta, yaani kuyapunguza au kuyamaliza. Ku-"use" dawa za kulevya, yaani kuzila au kuzivuta. Ku-"use" rafiki, yaani kumnyonya kwa manufaa yake mwenyewe. Msemaji akiunganisha kitenzi hiki na kitenzi kisaidizi cha uwezekano na kutaja kikombe cha chai, hasemi kwamba anaitumia chai hiyo, anasema anaihitaji. Kuna pia muundo wa wakati uliopita unaoonyesha mazoea yaliyokoma, ambao Kiswahili huueleza kwa "alikuwa aki-" au "alizoea". Katika muundo huo hakuna tena chombo wala kazi. Neno limegeuka kuwa kifaa cha sarufi.

Hali hii ya neno moja kuwa na maana kadhaa zinazohusiana huitwa polisemia. Hutofautishwa na homonimia, ambapo maneno mawili yasiyo na nasaba hukutana katika umbo moja. Neno "use" linavyo vyote viwili. Katika sheria ya ardhi ya Uingereza, nomino hiyo ilitaja utaratibu wa mtu kushika ardhi kwa niaba ya mwingine, nao ndio uliomfanya Mfalme Henry VIII apitishe sheria maarufu ya mwaka 1536. Wanahistoria wa sheria wameonyesha kwamba "use" huyo hakutokana na neno la Kilatini la kutumia, bali na neno jingine, "opus", lenye maana ya kazi au manufaa. Maneno mawili yalifanana kwa sauti, na wasemaji wakayadhania kuwa moja. Kwa hiyo, tangu zamani hizo wanasheria walikuwa wakishughulika na neno ambalo umbo lake halitoshi kueleza maana yake.

3.0 Kesi ya Smith, 1993

Sheria iliyohusika ni ya shirikisho la Marekani. Ilimwongezea adhabu mtu ambaye, wakati wa kutenda kosa la biashara ya dawa za kulevya na kuhusiana na kosa hilo, "uses or carries" silaha ya moto, yaani anaitumia au anaichukua. Nyongeza ya kawaida ilikuwa miaka 5. Silaha ikiwa ni ya rashasha, ilikuwa miaka 30.

Smith alikuwa na bunduki ndogo ya aina ya MAC-10 iliyorekebishwa ili ipige mfululizo. Alitaka kununua kokeini. Badala ya kutoa fedha, alimwambia muuzaji kwamba angempa bunduki hiyo, naye apewe aunsi mbili za kokeini, yaani takriban gramu 57. Muuzaji huyo alikuwa askari kanzu. Smith hakumwelekezea mtu bunduki hiyo wala hakumtisha mtu nayo. Aliitoa kama bei. Je, aliitumia?

Majaji sita walisema ndiyo. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika uamuzi wa wengi, alifungua kamusi, zikiwemo za sheria, akakuta kwamba kitenzi hicho hufasiliwa kama kukifanya kitu kikuhudumie, au kunufaika nacho. Smith alitaka kunufaika na bunduki yake kwa kupata kokeini, basi aliitumia. Jaji aliongeza kwamba Bunge halikuandika kuwa silaha lazima itumike kama silaha. Kama lingetaka hivyo, lingeongeza maneno hayo. Mtu anayejikuna kichwa kwa bunduki huenda anaitumia, lakini hataadhibiwa kwa sheria hii, kwa kuwa kujikuna huko hakuhusiani na biashara ya dawa.

Majaji watatu walipinga. Jaji Antonin Scalia, akiungwa mkono na John Paul Stevens na David Souter, alisema kwamba kutumia chombo, kwa kawaida, ni kukitumia kwa kazi iliyokusudiwa. Mfano wake ulikuwa mkongojo. Mtu anapoulizwa kama hutumia mkongojo, haulizwi kama ameiweka bakora ya babu yake ukumbini kuwa pambo. Anaulizwa kama hutembea nao. Kwa maoni ya Scalia, hapakuwa na haja ya Bunge kuongeza maneno "kama silaha", kwa sababu maana hiyo imo tayari katika kutaja bunduki kuwa kitu kinachotumiwa.

Kiisimu, pande zote mbili zilikuwa na hoja, na haifai kuudharau upande wowote. Upande wa wengi uliuliza kama kitendo cha Smith kinaweza kuingia ndani ya mipaka ya kitenzi, na kinaweza. Upande wa wachache uliuliza kama mtu anayesikia kwamba fulani ametumia bunduki katika biashara ya dawa angepata picha ya mtu anayebadilishana mali, na hangeipata. Tofauti yao haikuwa juu ya maana zipi zimo katika kamusi. Ilikuwa juu ya swali lipi kamusi inaulizwa. J. R. Firth alifundisha katika miaka ya 1950 kwamba neno hujulikana kwa maneno linayoandamana nayo. Kitenzi "use" kikiwa peke yake ni kipana sana. Kikiandamana na yambwa "bunduki", upana huo hupungua ghafla. Fasili ya kamusi iliyosomwa mahakamani ilikuwa ya kitenzi kisichokuwa na yambwa.

4.0 Kesi zilizofuata

Uamuzi wa mwaka 1993 haukumaliza mjadala. Katika kesi ya Bailey, mwaka 1995, silaha ilikuwa imefungiwa nyuma ya gari. Upande wa mashtaka ulidai kwamba kuwa nayo karibu kunatosha kuitwa kuitumia. Safari hii majaji wote walikataa. Walisema kwamba kutumia kunadai kitendo hai, kama vile kufyatua, kuonyesha, kupiga kwa kitako, au kubadilishana. Mwaka 1998 Bunge lilibadilisha sheria na kuongeza kosa la kumiliki silaha kwa ajili ya kuendeleza uhalifu huo. Jambo ambalo kitenzi kilishindwa kulibeba lilitafutiwa kitenzi kingine.

Mwaka huohuo ukaja mgogoro wa kitenzi cha pili, "carry", katika kesi ya Muscarello. Bunduki ilikuwa ndani ya kisanduku cha mbele cha gari, kimefungwa. Je, dereva "aliichukua"? Kwa kura tano dhidi ya nne, mahakama ilisema ndiyo. Jaji Stephen Breyer alitafuta ushahidi katika etimolojia ya neno hilo, ambalo lina nasaba na neno la gari la kukokotwa, katika Biblia ya Kiingereza, na katika riwaya za Robinson Crusoe na Moby Dick. Aliongeza sampuli ya sentensi za magazeti, akakuta kwamba huenda zaidi ya thuluthi yake zilihusu silaha iliyomo garini. Mwaka 2010 mwanasheria Stephen Mouritsen alilirudia swali hilo kwa kutumia kongoo, yaani mkusanyiko mkubwa wa matini halisi uliohifadhiwa kwenye kompyuta. Alionyesha kwamba mtu anapotajwa pamoja na silaha na kitenzi hicho, maana iliyozoeleka ni ile ya kuwa nayo mwilini. Etimolojia hueleza neno lilikotoka. Haisemi wasemaji wa leo wanaelewa nini.

Hatimaye, mwaka 2007, ikaja kesi ya Watson, ambayo ni kesi ya Smith iliyogeuzwa: mshtakiwa alitoa dawa akapokea bastola. Majaji wote walikubaliana, kwa kalamu ya Jaji Souter, kwamba anayepokea kitu katika mabadilishano hakitumii kitu hicho. Matokeo yake ni ya kustaajabisha: katika mabadilishano yaleyale, mtoaji wa bunduki ameitumia, mpokeaji hajaitumia. Jaji Ruth Bader Ginsburg alikubaliana na hukumu, lakini aliandika kwamba lililokosewa ni lile la mwaka 1993, na kwamba ingefaa litanguliwe.

5.0 Neno linapovuka: "tumia" na "chukua"

Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba matatizo haya ni ya Kiingereza, na kwamba lugha yetu imesalimika. Uchunguzi mdogo wa kitenzi "tumia" unaonyesha vinginevyo.

Kwa umbo, "tumia" ni "tuma" pamoja na mofimu ya kauli ya kutendea. Katika ukoo huohuo wamo mtume, mtumwa, mtumishi na matumizi. Umbo hilo linabeba kazi mbili hadi leo. Sentensi "Juma amemtumia Asha fedha" inasema kwamba fedha zimepelekwa kwa Asha. Sentensi "Juma amemtumia Asha" humfanya msikilizaji asite: ama kuna kitu kilichotumwa ambacho hakikutajwa, ama Asha amefanywa chombo. Katika zama hizi za kutumiana fedha kwa simu, agizo la "nitumie" huandikwa kila dakika, na hakuna anayelielewa kwamba mtu anaomba afanywe chombo. Muktadha umeshachagua.

Si hilo tu. Mhudumu wa mgahawa huuliza, "Utatumia chai au soda?" Kiingereza hakimruhusu mhudumu kuuliza hivyo kwa "use". Mume huacha matumizi nyumbani, nasi tunajua kwamba ni fedha za chakula na mahitaji. Kiingereza hakina njia ya kuyaita hayo "use". Kwa upande mwingine, Kiingereza hu-"use" chai kwa maana ya kuihitaji, jambo ambalo "tumia" haikubali. Duara mbili zinakatana kwa sehemu kubwa, lakini kila moja ina eneo lake ambalo nyingine haifiki. Kamusi ya lugha mbili inayoandika "use: tumia" na kuishia hapo imesema kweli, lakini si kweli yote.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni kihusishi "kwa". Tazama sentensi tatu:

(a) Alikata mkate kwa kisu.
(b) Alinunua mkate kwa shilingi elfu moja.
(c) Alipata mkate kwa bunduki.

Katika (a), "kwa" inatambulisha chombo. Katika (b), inatambulisha bei. Kisarufi, (c) inaruhusu zote mbili. Inawezekana bunduki ilitolewa ikabadilishwa na mkate. Lakini msikilizaji wa kawaida hafikirii hivyo. Anaona mtu ameelekezewa mtutu. Ili apate maana ya bei, lazima asaidiwe: "alibadilishana bunduki yake kwa mkate". Kiswahili, basi, kinaizaa upya kesi ya Smith ndani ya neno la silabi moja, na wakati huohuo kinatoa ushahidi juu ya maana ya kawaida. Bunduki ikitajwa karibu na njia ya kupata kitu, huchukuliwa kuwa silaha mpaka msemaji aseme vingine.

Kwa upande wa "carry", mambo yanageuka. Kiingereza kina neno moja pana. Kiswahili, mbali na "chukua" na "beba", kina msamiati unaotaja namna. Mzigo hujitwikwa kichwani, mtoto huelekwa mgongoni au hupakatwa, kitu kidogo hufutikwa katika nguo kiunoni, shehena hupakiwa garini. Swali la Muscarello, yaani kama bastola iliyo katika kisanduku cha gari "imechukuliwa", mfasiri wa Kiswahili angeweza kulijibu bila kukusudia. Akiandika "kubeba silaha", wengi wataelewa silaha iliyo mwilini. Akiandika "kusafirisha silaha", amemwingiza dereva. Akiandika "kuwa na silaha", amewaingiza wote wawili, na pengine hata aliyeiacha nyumbani. Kila chaguo ni tafsiri inayokubalika, na kila chaguo linaamua kesi.

6.0 Unyang'anyi wa kutumia silaha

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipopitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa yalibakiza nafasi ya Kiingereza katika mazingira maalumu. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kazi ya kutafsiri sheria si zoezi la darasani tena.

Mfano mmoja unatosha. Kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahusu kosa ambalo adhabu yake haipungui miaka 30, idadi ileile iliyomkabili Smith. Magazeti, polisi na wananchi huliita kosa hilo "unyang'anyi wa kutumia silaha". Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelihoji. Lakini maandishi ya Kiingereza ya kifungu hicho hayakudai kwamba silaha itumiwe. Yalidai kwamba mwizi awe na silaha, na kwamba atumie nguvu, au atishie kuitumia, dhidi ya mtu ili aipate au aishikilie mali. Kinachotumiwa ni nguvu, silaha ipo.

Fikiria mshtakiwa aliyempiga mtu ngumi na kumpora, huku kisu kikiwa kimefutikwa kiunoni bila kuchomolewa. Kwa maneno ya Kiingereza, alikuwa na silaha na alitumia nguvu. Kwa jina la Kiswahili, atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza: ni silaha gani aliyoitumia? Jina la kosa na vipengele vya kosa vinavuta pande mbili. Maadamu jina la Kiswahili lilikuwa la mitaani na maandishi yenye nguvu yalikuwa ya Kiingereza, tofauti hiyo haikumdhuru mtu. Maandishi ya Kiswahili yanapopewa nguvu ya sheria, "kutumia" huacha kuwa mazoea ya usemi na kuwa kipengele kinachohitaji ushahidi. Wakenya husema "wizi wa mabavu", jina linaloweka mkazo kwenye nguvu badala ya silaha. Ulinganisho huu unaonyesha kwamba majina mengine yanawezekana, na kwamba uteuzi wa jina una matokeo.

7.0 Hitimisho

Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953, alisisitiza kwamba, katika hali nyingi, kuijua maana ya neno ni kuyajua matumizi yake katika lugha. Kesi zilizojadiliwa hapa zinaongeza kwamba hata neno "matumizi" lenyewe lina matumizi yake.

Mambo matatu yanafuata kwa wanafunzi na wataalamu wa lugha. La kwanza ni la watunga kamusi. Kitomeo cha kitenzi kama "tumia" kipangwe kwa kuzingatia yambwa zake: chombo, silaha, fedha, dawa, kinywaji, lugha, mtu. Maana iliyozoeleka na maana inayowezekana tu zisiwekwe bega kwa bega kana kwamba zina uzito mmoja. La pili ni la watafiti. Madai kuhusu maana ya kawaida yapimwe kwa matini halisi. Kongoo za Kiswahili zipo, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Helsinki, na zinangoja maswali ya aina hii. La tatu ni la wafasiri wa sheria. Kabla ya kuridhia kisawe, mfasiri akiweke katika sentensi yenye mtu, kitu na tendo, kisha aulize: je, aliyefutika kisu yumo? Aliyekitoa kama bei yumo? Aliyekipokea yumo? Kama majibu ya Kiswahili hayalingani na majibu ya sheria, kisawe hicho hakitoshi, hata kama kamusi zote zimekiandika.

Istilahi ngumu humfanya mfasiri awe macho. Huenda kwa mwanasheria, huuliza, huitisha kikao. Neno la kila siku hupita bila kuulizwa. Smith alihukumiwa kwa neno ambalo kila mtoto wa Marekani analijua. Wanaoandika sheria kwa Kiswahili sasa wanayo nafasi ya kuyauliza maneno ya aina hiyo mapema, kabla hayajaulizwa na mtu aliyesimama kizimbani.